KWA NINI MATAIFA HUFANYA BIASHARA, NA FAIDA YAKE HUENDA KWA NANI

(Hotuba ya kamati ya mafunzo ya tawi, iliyosomwa mbele ya wanachama wa Pipeline siku ya Jumapili. Imepigwa chapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu.)



Katika mkutano uliopita palitokea maneno makali. Wanachama wanaoshona nguo katika viwanda vya EPZ kule Athi River walileta shauri ya kwamba chama kiitake Serikali ipige marufuku mitumba isiingie nchini. Wanachama wengine, ambao wao wenyewe au wake zao huuza mitumba jioni hapa kando ya stendi ya matatu, walisimama wakasema shauri hilo litawanyang'anya watoto wao chakula. Mwenyekiti akafunga mkutano kabla ya kura, nasi wa kamati ya mafunzo tukaagizwa tutafute habari za biashara ya mataifa na kuzileta hapa. Tulitakiwa tueleze kwa nini nchi hununua kwa wenzake hata vitu ambavyo ingeweza kuvitengeneza yenyewe, na sisi wafanyakazi twapata nini katika jambo hilo. Tumesoma kadiri tulivyoweza baada ya saa za kazi. Sisi si walimu wa chuo kikuu, na tukikosea mtatusahihisha.

Na tuanze hapa tunapokaa. Mtaa huu umepata jina lake kwa bomba la mafuta litokalo Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Mafuta yapitayo ndani yake hununuliwa ng'ambo, hasa nchi za Ghuba, na huletwa kwa meli. Ingieni sasa katika chumba chochote cha maghorofa haya, kile cha futi kumi kwa kumi, mtazame vilivyomo. Mchele mara nyingi umetoka Pakistani. Ngano ya chapati, sehemu kubwa yake imevuka bahari. Simu imetengenezwa China. Shati lililoangikwa ukutani lilivaliwa kwanza na mtu wa Ulaya au wa Amerika. Usiku, ndege za mizigo zinapopita juu ya mapaa yetu zikitoka Embakasi, nyingi zimebeba maua ya Naivasha na pande nyingine, nayo yaenda Uholanzi kuuzwa kesho yake. Basi mtu wa Pipeline hana haja ya kwenda mbali kutafuta biashara ya mataifa. Amelala katikati yake.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wa pwani walilijua karne nyingi kabla ya kuja Wazungu. Upepo wa Kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na upepo wa Kusi ukayarudisha. Majahazi yalileta tende, chumvi, mazulia na vyombo, yakachukua boriti za mikoko kutoka Lamu, pembe na nafaka. Sababu yake haikuhitaji kitabu. Arabuni hapakuwa na miti ya kujengea nyumba, na Lamu hapakuwa na tende za kutosha. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenziwe hana. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya biashara, na hata leo ndiyo inayoleta mafuta katika bomba letu na kupeleka chai yetu Pakistani.

Lakini sababu hiyo haitoshi. Wote mnajua neno "merikani", yaani kitambaa kile cheupe kigumu. Jina hilo lilitokana na Amerika. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaleta kitambaa cha viwanda vya huko na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani ikapendwa hata ikawa kama fedha katika safari za bara. Tena kumbukeni ya kwamba pwani yetu ilijua kufuma. Pate na Mogadishu zilikuwa na wafumaji mashuhuri. Mtu hakununua merikani kwa sababu hapakuwa na mfumaji, ila kwa sababu mashine ya Massachusetts ilifuma kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hakuiweza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikakatika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi. Habari za yule mfumaji wa Pate zimeandikwa kidogo sana. Tutamrudia mbele.

Wataalamu wa Ulaya ndio walioandika vitabu juu ya jambo hili. Zamani wafalme wao waliamini ya kwamba nchi hutajirika kwa kuuza sana na kununua kidogo, ili dhahabu ijae katika hazina. Mskoti mmoja, Adam Smith, alilipinga wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1776. Alisema fundi cherehani hajishonei viatu, huvinunua kwa fundi viatu. Na lililo busara katika nyumba haliwezi kuwa upumbavu katika taifa. Kila nchi itengeneze kile inachokitengeneza kwa kazi ndogo kuliko wengine, kisha wabadilishane.

Hapo likazuka swali gumu. Je, ikiwa nchi moja yashinda nyingine katika kila kitu? Nchi dhaifu itauza nini? Wengi wetu tulipokuwa tukijadili mwezi uliopita tulisema, "Wachina watushinda katika kila kitu, basi tumekwisha." Mtu aliyejibu swali hilo ni David Ricardo, bepari wa London aliyetajirika katika soko la hisa, katika kitabu cha mwaka 1817. Yeye alitoa mfano wa Uingereza na Ureno, nguo na mvinyo. Sisi tutatoa mfano wa hapa kwetu, kisha mtu achukue kalamu ahesabu mwenyewe.

Tuseme wako mama wawili katika ghorofa moja. Mama wa orofa ya tatu ni fundi hodari. Hushona sare moja ya shule kwa saa 2, na hupika chapati 20 kwa saa 1. Mama wa orofa ya sita ni mzito kidogo. Sare moja humchukua saa 8, na chapati 20 humchukua saa 2. Wa tatu amemshinda wa sita katika kazi zote mbili. Je, wana haja gani ya kubadilishana?

Tazameni kile ambacho kila mmoja hukiacha. Mama wa tatu akikaa kushona sare moja, saa zile 2 angalipika chapati 40. Kwake sare moja ni sawa na chapati 40. Mama wa sita akishona sare moja, saa zile 8 angalipika chapati 80. Kwake sare ni chapati 80. Basi wakipatana sare moja kwa chapati 60, mambo huwa hivi: mama wa tatu hushona saa 2 na kupata chapati 60, ambazo kuzipika mwenyewe kungemchukua saa 3. Ameokoa saa 1. Mama wa sita hupika chapati 60 kwa saa 6 na kupata sare ambayo ingemchukua saa 8. Ameokoa saa 2. Wote wawili wamefaidi, ingawa mmoja ni hodari katika kila kitu na mwingine ni mzito katika kila kitu.

Hesabu hii ni ya kweli, na hatujaona mtu aliyeivunja. Kila nchi ina kitu ambacho haijashindwa sana. Kwa hivi anayesema Kenya haina cha kuuza kwa sababu wengine wana mashine nzuri kuliko zetu, amekosea. Lakini ndugu, kwa maoni yetu wengi wanaotaja jina la Ricardo huishia hapo, nasi twaona hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Kwanza, kwa nini chapati 60? Wangeweza kupatana kwa chapati 45. Hapo mama wa tatu angeokoa robo saa tu, na mama wa sita saa tatu na nusu. Au wangepatana kwa chapati 75, na hapo mama wa tatu huokoa saa moja na dakika arobaini na tano, wa sita nusu saa. Popote kati ya 40 na 80 wote wawili hufaidi, na nadharia hutimia. Lakini nani amefaidi zaidi? Hesabu ya Ricardo hainyoshi kidole. John Stuart Mill alilieleza jambo hilo vizuri katika kitabu cha mwaka 1848. Alisema bei hutegemea nani ana haja kubwa zaidi na bidhaa ya mwenziwe. Mama wa sita akiwa na mtoto anayefukuzwa shule kesho kwa kukosa sare, atakubali hata chapati 79. Wanachama wote wa chama cha wafanyakazi wanalijua jambo hili hata bila kumsoma Mill. Mwenye njaa hupatana vibaya.

Pili, Ricardo mwenyewe aliweka sharti ambalo mara nyingi husahauliwa. Katika mfano wake, nguo za mwaka mmoja huko Uingereza zilihitaji kazi ya watu 100 na mvinyo watu 120. Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno ilishinda kote. Sasa, kwa nini mabepari wa Uingereza wasihamishe fedha zao kwenda Ureno, wakatengeneza nguo na mvinyo huko huko? Ricardo alikiri ya kwamba jambo hilo lingewafaa. Alisema hawafanyi hivyo kwa sababu mtu huogopa kupeleka mali yake katika nchi ya kigeni yenye sheria asizozijua. Hesabu yake yote inasimama juu ya mali inayokaa nyumbani. Nendeni Athi River mwaulize kama mali hukaa nyumbani! Sheria ya EPZ ilipitishwa mwaka 1990, ikawapa wenye viwanda miaka 10 bila kodi ya mapato. Wengi waliokuja kufungua viwanda vya nguo walitoka nchi za Asia. Mashine za kushona zilikuja kwa kontena, na zaweza kuondoka kwa kontena.

Tatu, alidhani ya kwamba Ureno ikiacha kufuma, mfumaji ataondoka kwenye kitanda cha mfumi na kuingia shamba la mizabibu. Karatasini yeye huhama kwa mstari mmoja. Hatajwi kodi ya nyumba ya mwezi ule, wala umri wake, wala kama mwenye shamba anamtaka. Yule mfumaji wa Pate alikwenda wapi? Twampa Ricardo haki yake katika jambo moja. Mwaka 1821, katika chapa ya tatu ya kitabu chake, aliongeza sura juu ya mashine, akakiri ya kwamba zamani alikosea. Alisema wafanyakazi wanapoona mashine yaweza kuwadhuru, si ujinga wao. Ni jambo linaloweza kuwa kweli. Si mabepari wengi wanaochapisha kosa lao kitabuni.

Baadaye walikuja Waswidi wawili, Eli Heckscher mwaka 1919 na Bertil Ohlin mwaka 1933. Wao walisema nchi huuza kile kinachotumia sana kitu kilichojaa nchini mwake. Yenye ardhi nyingi huuza nafaka, yenye mashine nyingi huuza mashine, yenye watu wengi wanaotafuta kazi huuza bidhaa zinazotaka mikono mingi. Ndiyo maana suruali za jinzi hushonwa Athi River na hazishonwi Uswidi. Wataalamu wengine wawili, Stolper na Samuelson, waliendeleza hesabu hiyo mwaka 1941. Kwa hesabu yao, katika nchi yenye wafanyakazi wengi, biashara ya mataifa inapaswa kuupandisha ujira wa mfanyakazi, kwa sababu kazi yake sasa yatakiwa na dunia nzima.

Hapo wenzetu wa viwanda vya nguo walicheka tulipowasomea katika kamati. Na tuwe wakweli: kazi zililetwa. Maelfu ya vijana, wengi wao wanawake, walipata mshahara wao wa kwanza katika EPZ, na nusu ya vyumba vya Pipeline visingekuwa na wapangaji bila viwanda na uwanja wa ndege. Lakini mshahara haukupanda kama hesabu ilivyoahidi. Jibu tulilipata kwa mtu mweusi wa kisiwa cha Saint Lucia, Arthur Lewis, aliyeandika mwaka 1954 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Yeye alisema ya kwamba mahali ambapo watu wasio na kazi ni wengi mno, ujira hukaa chini karibu na kile cha kumwezesha mtu kuishi tu, hata kazi ikiongezeka. Kila asubuhi penye lango la kiwanda pana watu waliosimama wakingoja kuitwa. Maadamu wapo, tajiri hana sababu ya kuongeza senti, na mfanyakazi akizidisha bidii, faida ya bidii ile humwendea mnunuzi wa ng'ambo kwa bei rahisi. Katika yote tuliyosoma, hili ndilo lililofanana zaidi na maisha tunayoyaona.

Wapo wengine ambao tutawapita upesi. Raúl Prebisch wa Ajentina na Hans Singer walionyesha mwaka 1950 ya kwamba bei za mazao ghafi zilikuwa zikishuka kwa muda mrefu zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Mwulizeni mkulima wa chai, ambaye majani yake huuzwa kwa jumla katika mnada wa Mombasa na kutiwa katika paketi ya kupendeza nchi nyingine. Wassily Leontief alipohesabu biashara ya Marekani mwaka 1953 alikuta kinyume cha walivyosema Waswidi, nao wataalamu wamebishana tangu siku hiyo. Paul Krugman, kuanzia mwaka 1979, alieleza kwa nini Ujerumani na Ufaransa huuziana magari yanayofanana: kiwanda kikubwa hupunguza gharama, na wanunuzi hupenda aina nyingi. Kwetu jambo lake lina maana hii, kwamba aliyetangulia kujenga kiwanda kikubwa ni vigumu kumfikia. Hilo halikutokana na jua wala mvua ya nchi yake.

Sasa turudi Athi River, maana huko ndiko shauri letu lilikotoka. Ni kitu gani hasa kilichofanya jinzi ya Kenya iuzike Marekani? Tusidhani ni mikono yetu pekee. Mikono iko Bangladesh, iko Vietnam. Kitambaa hakitoki hapa. Sehemu kubwa huletwa kutoka Asia, hukatwa na kushonwa, kisha hupakiwa tena. Sababu ni sheria iitwayo AGOA, iliyotiwa sahihi Washington Mei 2000, iliyoruhusu nguo zetu ziingie Marekani bila ushuru, hata zikishonwa kwa kitambaa cha nchi ya tatu. Fulana ya pamba kutoka nchi isiyo na ruhusa hutozwa asilimia 16.5 ya ushuru wa kawaida, na shati la nyuzi za kiwandani hufika asilimia 32. Tofauti hiyo ndiyo nafuu yetu. Haikutoka kwa Mungu kama mwinuko wa Kericho unaofaa chai. Imetoka katika karatasi, na mwenye karatasi yuko mbali.

Tumekwisha kuona karatasi za namna hii zikibadilika. Tangu mwaka 1974 palikuwa na mapatano ya dunia yaliyowekea nchi za Asia kiasi cha nguo wanachoweza kuuza katika nchi tajiri. Mapatano hayo yalikwisha Januari 1, 2005. Nguo za China zikajaa, na viwanda kadhaa vya EPZ vikafungwa, watu wakarudi nyumbani. Ethiopia ilitolewa katika AGOA Januari 2022 kwa sababu za vita. Na kwetu, muda wa AGOA ambao uliwekwa hadi 2008, ukasogezwa hadi 2015, kisha hadi 2025, ulikwisha Septemba 30, 2025 Bunge la Marekani likiwa halijapitisha sheria ya kuusogeza. Karibu miezi sita kabla ya hapo Rais wa nchi hiyo alikuwa ametangaza ushuru wa asilimia 10 juu ya bidhaa zetu. Kusogezwa au kutosogezwa si neno la Nairobi. Mwanachama mmoja wetu alisema ya kwamba katika kiwanda chao, ambacho hatukitaji, mikataba ilianza kuandikwa ya miezi mitatu mitatu, na tajiri alipoulizwa alijibu, "Sijui kama nitakuwa hapa mwaka ujao." Kwa kweli hatukuweza kusema anadanganya.

Na mitumba? Tuliipeleleza vizuri, kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliizuia mitumba kuuzwa kwa wingi. Milango ilipofunguliwa, marobota yakajaa Gikomba, na viwanda vilivyokuwa vikiuza nguo humu nchini vikaumia. Kicomi cha Kisumu kilifungwa, na Rivatex cha Eldoret kilifungwa mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka 2007. Mkulima wa pamba wa Nyanza akakosa mnunuzi. Mitumba haikuwa sababu pekee. Umeme ulikuwa ghali, mashine zilikuwa kuukuu, uongozi mahali pengine ulikuwa mbaya, na nguo mpya za bei rahisi ziliingia pia. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema haikuchangia.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanya biashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao, kikisema wanachama wake wataumia. Angalieni: hata matajiri wana chama! Kenya ikarudi nyuma upesi, kwa kuhofia AGOA. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika ruhusa ya kuingia Marekani bila ushuru. Kwa hivi, ndugu zetu wa EPZ, kazi yenu ya kushona na kazi ya mama wa kibanda cha mitumba zimefungwa kwa kamba moja, na waliozifunga si ninyi wala si yeye.

Kwa hiyo maoni ya kamati ni haya, nayo si amri. Kumfukuza mama wa mitumba hakutamwongezea mshonaji wa EPZ hata suruali moja, kwa kuwa suruali anazoshona haziuzwi Gikomba, na anayeshindana naye yuko Dhaka au Maseru. Marufuku ingeweza kumfaa mfumaji wa Eldoret na mkulima wa Busia, iwapo kiwanda kipo, umeme ni rahisi na pamba yapatikana. Hivyo vyataka miaka, na mama wa kibanda hula leo. Wengine katika kamati hawakubali. Wao wasema bila kufunga mlango, kiwanda hakitajengwa kamwe, na ya kwamba Marekani yenyewe ilikua katika karne ya 19 nyuma ya ukuta wa ushuru mkubwa. Hilo la Marekani ni kweli, nao watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.

Lipo jambo ambalo sote katika kamati tulikubaliana. Tunapoambiwa ya kwamba biashara ya mataifa huifaidi nchi, tuulize kati ya chapati 40 na 80 tumesimama wapi, na tuulize gharama ya kuhama inalipwa na nani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema mfanyakazi akiondolewa kwa sababu kazi imepungua, chama chake na ofisa wa kazi wapewe taarifa mwezi mmoja kabla, naye alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyefanya kazi miaka 6 atapata siku 90. Hayo ndiyo malipo ya kutoka kwenye nguo kwenda kwenye mvinyo, kwa lugha ya Ricardo. Lakini mwenye mkataba wa miezi mitatu huambiwa muda wake umekwisha tu, wala hakuondolewa, na mwaka wake hautimii kamwe. Dada mmoja ametuonyesha mikataba kumi na minne ya mlango mmoja, cherehani moja. Kwa maoni yetu hapo ndipo pa kushika katika mapatano yajayo na matajiri, kabla ya jambo la mitumba: miaka yote ya mtu ihesabiwe pamoja, na fedha za kuachishwa ziwekwe kando tangu sasa, zikiwa bado zimo nchini.

Kura juu ya shauri la mitumba itapigwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, mahali pale pale. Wenye mikataba ya muda mfupi, hata iliyokwisha, waje nayo yote, nasi tutaiandika daftarini kwa miaka na kiwanda, bila jina la mtu. Wasiojua kusoma mikataba yao watasaidiwa na kamati kuanzia saa sita. Na mama wauza mitumba, hata wasio wanachama, wamealikwa kuja kusema yao.